Maelezo ya mpangilio wa kumbukumbu kwenye kerneli yanapokosea: dalili, chanzo na tiba

Mwongozo huu umetokana na makosa yanayojirudia kwenye draiva (programu zinazoiwezesha kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kuzungumza na kifaa) ambazo vijana wa hapa Kigoma huniletea nizisome kabla hawajazipeleka mbele. Mfano wangu ni mmoja tu: draiva ya mizani ya kielektroniki ya kupimia dagaa, ya aina inayohitajika mwaloni Kibirizi. Prosesa moja inapokea namba kutoka kwenye mizani, inaiandika kwenye kigeu `uzito`, halafu inainua alama inayoitwa `tayari`. Prosesa nyingine inaisubiri alama, inasoma uzito na kuupeleka kwenye stakabadhi. Mama aliyeleta dagaa analipwa kwa namba hiyo. Ikisomwa namba ya ndoo iliyotangulia, kompyuta haitalalamika popote. Mtu ataondoka na pesa pungufu, basi.

Ndiyo maana nasisitiza maelezo, yaani komenti na nyaraka za msimbo. Kila mahali ambapo prosesa mbili zinagusana, maelezo yaseme mambo matatu: ni usomaji na uandishi upi unaopangwa, mwenzake wa upande wa pili yuko wapi, na ni tokeo gani limekatazwa. Karibu kila dalili iliyo hapa chini huanzia pale ambapo moja kati ya hayo matatu halikuandikwa.

Kabla ya yote, pakua msimbo wa kerneli ya Linux kwa `git clone --depth 1` ili usimalize bando, na kazi nyingi utaifanya hata mtandao ukikatika. Nyaraka ziko humohumo ndani: `Documentation/memory-barriers.txt`, `Documentation/atomic_t.txt`, na saraka ya `tools/memory-model` iliyoingia kwenye kerneli 4.17 mwaka 2018. Hiyo ya kwanza inatamka wazi mwanzoni kwamba yenyewe si kanuni rasmi. Hiyo saraka ndiyo yenye modeli, yaani kanuni za mpangilio zilizoandikwa rasmi, inayoweza kuendeshwa na kukujibu.

Dalili: "Kwenye laptop iko sawa, kwenye kibao inakosea mara moja moja"

Hii ndiyo inayoletwa kuliko zote. Draiva imejaribiwa usiku kucha kwenye laptop ya Intel au AMD bila kosa. Ikihamishiwa kwenye kibao cha ARM, kila baada ya muda inatoa uzito wa zamani.

Chanzo cha kawaida ni kuamini kwamba mstari wa juu hutekelezwa kabla ya mstari wa chini. Prosesa za x86, yaani hizo za Intel na AMD, zinakulea vibaya katika hili. Kwa kumbukumbu ya kawaida, kitu pekee zinachoruhusu ni usomaji kuutangulia uandishi uliokuja kabla yake, kwa sababu uandishi husubiri kwenye foleni kabla ya kuonekana na wengine. Uandishi mbili hazipishani, na usomaji mbili hazipishani. ARM na POWER zinaruhusu zote hizo. Kwa hiyo `tayari` inaweza kuonekana imeinuka huku `uzito` mpya bado haujaonekana.

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji zana. Fungua upande wa mwandishi, kisha fungua upande wa msomaji, na uulize: je, pande zote mbili zina mpangilio? Mara nyingi utakuta mwandishi ameweka `smp_wmb` (kizuizi, yaani agizo la kupanga uandishi wa kabla na wa baada yake) vizuri kabisa, halafu msomaji hana chochote. Kizuizi cha upande mmoja hakizuii kitu. Tiba ni kutumia jozi: mwandishi ainue alama kwa `smp_store_release`, ambayo huweka yaliyotangulia kabla ya alama, na msomaji aisome kwa `smp_load_acquire`, ambayo huweka yanayofuata baada ya alama.

Chanzo cha pili, ambacho hata waandishi wazuri hukiangukia, ni kuitegemea `if`. Msomaji anaandika hivi (`READ_ONCE` hulazimisha kigeu kisomwe kweli, mara moja tu):

```
if (READ_ONCE(tayari))
        r = READ_ONCE(uzito);
```

Halafu maelezo yanasema "uzito hausomwi mpaka alama iinuke". Si kweli. Prosesa inaruhusiwa kubashiri jibu la `if` na kuusoma uzito mapema. Ubashiri ukitimia, inaitumia ile namba ya zamani iliyokwisha kuisoma. Sharti hupanga usomaji na uandishi unaofuata, halipangi usomaji na usomaji mwingine. Ukiona sentensi ya namna hiyo kwenye maelezo ya mtu, mwombe aonyeshe `smp_load_acquire` au `smp_rmb` (kizuizi cha usomaji) iko wapi.

Cha tatu ni kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine. Kitanzi cha `while (!tayari)` kikiandikwa bila `READ_ONCE`, kompaila ina haki ya kusoma alama mara moja na kuzunguka milele juu ya jibu hilo. Dalili yake ni tofauti kidogo: hapa mashine hukwama moja kwa moja, na hukwama hata kwenye laptop.

Cha nne hujificha, nacho ni mzunguko wa pili. Jozi ya release na acquire inalinda ndoo ya kwanza. Ndoo ya pili ikipanda mizani wakati msomaji bado anasoma ya kwanza, mwandishi ataifuta namba mikononi mwa msomaji. Maelezo yakisema "tayari inalinda uzito" bila kusema nani anaishusha alama na lini, yamelinda mzunguko mmoja tu. Tiba: msomaji akimaliza ashushe alama kwa `smp_store_release`, na mwandishi aione imeshuka kwa `smp_load_acquire` kabla ya kugusa `uzito` tena. Andika safari hiyo ya kurudi waziwazi. Nimeshaona nyaraka nyingi zilizoeleza safari ya kwenda vizuri sana na zisiseme lolote kuhusu kurudi.

Tahadhari moja kuhusu vibao. Raspberry Pi 3 ina Cortex-A53, ambayo hutekeleza maagizo kwa mfuatano, kwa hiyo huonyesha mapishano machache. Raspberry Pi 4 ina Cortex-A72, ambayo huyachanganya. Jaribio likipita kwenye kile cha kwanza, usiandike "imethibitishwa kwenye ARM".

Dalili: komenti ipo, lakini hakuna anayethubutu kukigusa kizuizi

Zana ya `checkpatch.pl` hutoa onyo ukiweka kizuizi bila komenti. Matokeo yake, watu huandika komenti ya kuinyamazisha: "hakikisha mpangilio", "kwa usalama", "muhimu, usiondoe". Miezi sita baadaye mtu mwingine anafungua faili, anakiona kizuizi, na hana namna ya kujua kama bado kina kazi.

Chanzo cha kwanza ni kutotajwa mwenza. Cha pili ni kutaja kizuizi kinafanya nini kwa jumla badala ya kinapanga nini hapa. Cha tatu, ambacho ni nadra kidogo, ni komenti iliyokuwa sahihi zamani na msimbo umehama chini yake.

Angalia tofauti. Hii haitoshi:

```
/* kizuizi cha kumbukumbu */
smp_wmb();
```

Hii inatosha:

```
/*
 * Panga: kuandika uzito KABLA ya kuinua tayari.
 * Mwenza: smp_rmb() ndani ya mizani_soma().
 * Marufuku: msomaji kuona tayari == 1 na uzito wa zamani.
 */
smp_wmb();
```

Mistari mitatu tu. Mkaguzi anaweza kwenda kwenye `mizani_soma`, akamkuta mwenza au asimkute, na akajua kosa liko wapi. Mwenza naye awe na komenti inayorudi huku. Wakati wa kurekebisha msimbo wa zamani, anza kwa `grep` ya `smp_` kwenye faili zako zote, kisha uunganishe kila kizuizi na mwenzake kwa kalamu na karatasi. Utakachobaki nacho bila mwenza ni kosa la msimbo, au ni kizuizi kisichohitajika. Usikiondoe kwa sababu tu umekijaribu bila hicho na hakuna kilichoharibika. Kwanza mtafute aliyekiweka kwa `git blame` na usome ujumbe wa badiliko lake. Kwa kazi hiyo utahitaji historia kamili, ile `--depth 1` haitakufaa.

(Komenti za draiva ya kikundi chako andika Kiswahili. Zinazokwenda kwenye kerneli kuu zinaandikwa Kiingereza, mambo matatu yaleyale.)

Dalili: "Nimetumia atomiki, mbona bado data inachanganyika?"

Atomiki maana yake kitendo hakikatiki katikati. Haina maana kwamba vitendo vya jirani vimepangwa. Kwenye kerneli ya Linux kanuni ni hii, na inafaa kuibandika ukutani: operesheni ya kusoma-badilisha-andika isiyorudisha jibu, kama `atomic_inc`, haipangi chochote. Inayorudisha jibu, kama `atomic_inc_return`, inapanga kikamilifu kabla na baada yake. Zenye mkia wa `_relaxed`, `_acquire` na `_release` zinapanga kadiri ya mkia wao. `atomic_read` na `atomic_set` hazina nguvu zaidi ya `READ_ONCE` na `WRITE_ONCE`.

Kwa hiyo kagua kwanza ni familia ipi umetumia. Pili, kama ni `cmpxchg`, ile inayobadilisha thamani iwapo tu bado ni ile iliyotarajiwa, kagua maelezo yanasema nini inaposhindwa: ikishindwa, usitegemee mpangilio wowote. Tatu, kama ilikuwa kaunta ya kuhesabu wanaotumia kitu, badilisha kuwa `refcount_t`. Kama lazima ubaki na `atomic_inc`, zipo `smp_mb__before_atomic` na `smp_mb__after_atomic`, nazo zinataka komenti kama kizuizi kingine chochote.

Dalili: herd7 inasema Sometimes, maelezo yako yanasema haiwezekani

Hapa umefika mahali pazuri, maana sasa unabishana na modeli badala ya kubishana na bahati. herd7 ni programu inayoiendesha modeli hiyo. Isakinishe kwa `opam install herdtools7`, ingia `tools/memory-model`, na uandike jaribio dogo la litmasi, yaani programu fupi ya kupima tokeo moja la mpangilio:

```
C MP+mizani

{}

P0(int *uzito, int *tayari)
{
	WRITE_ONCE(*uzito, 1);
	smp_store_release(tayari, 1);
}

P1(int *uzito, int *tayari)
{
	int r0;
	int r1;

	r0 = smp_load_acquire(tayari);
	r1 = READ_ONCE(*uzito);
}

exists (1:r0=1 /\ 1:r1=0)
```

Liendeshe kwa `herd7 -conf linux-kernel.cfg mizani.litmus`. Mstari wa `exists` ndiyo ile "Marufuku" ya komenti yako, imeandikwa kwa lugha ambayo mashine inaielewa. Jibu la Never maana yake hakuna utekelezaji wowote unaoruhusiwa na modeli utakaofikia hapo. Sometimes maana yake upo. Modeli hii imetokana na kazi ya Jade Alglave, Luc Maranget, Paul McKenney, Andrea Parri na Alan Stern, na faili ya `Documentation/explanation.txt` iliyomo kwenye saraka hiyo inaeleza ilivyojengwa. Ni ndefu, lakini ukiisoma taratibu inasomeka.

Ukipata Sometimes usiyoitarajia, fuata mpangilio huu. Kagua `exists` kwanza. Wengi huandika tokeo jema badala ya baya. Kisha angalia kama kuna usomaji au uandishi uliosahauliwa `READ_ONCE` au `WRITE_ONCE`; mara nyingi herd itakuonyesha pia bendera ya `data-race`. Kisha tafuta kizuizi cha upande mmoja, na ile `if` niliyoieleza juu. Vyote vikiwa sawa, kubali kwamba maelezo yako ndiyo yenye kosa, ukayarekebishe pamoja na msimbo.

Kuna dalili ya kinyume, nayo inanitisha zaidi: herd inasema Never, na kerneli bado inakosea. Jaribu kwanza kuondoa kizuizi kwenye jaribio lako makusudi. Kama bado ni Never, jaribio lako halipimi kitu. Angalia pia kwenye orodha ya hali zilizotolewa kama ile yenye `r0=1` imo; isipokuwemo, msomaji wako hajawahi kuiona alama. Jaribio likiwa zima, basi pengine halifanani na msimbo wenyewe, au tatizo liko nje ya uwezo wa modeli. Modeli hii haifuatilii usomaji wa ukubwa tofauti kwenye anwani moja, haina intarapti, haijui vifaa vya nje, na haijumuishi kila hila ya kompaila kwenye vigeu visivyowekewa `READ_ONCE` au `WRITE_ONCE`. Usiandike kwenye nyaraka "imethibitishwa na herd" bila kusema ulithibitisha kipande gani.

Jaribio liwe dogo. Muda wa kulitekeleza hukua kwa kasi kubwa kadiri unavyoongeza nyuzi (kama P0 na P1 hapo juu) na mistari. Nyuzi mbili au tatu zinatosha.

Dalili: uzi umelala na hauamki tena

Mizani imeandika, alama iko juu, lakini stakabadhi haitoki. Hili hutokea hata kwenye x86, kwa sababu ni lile pishano moja ambalo x86 inaliruhusu: kila upande umeandika chake na kusoma cha mwenzake, na kila mmoja amesoma kabla uandishi wa mwenzake haujaonekana.

Sababu inayoongoza ni kukagua sharti kabla ya kutangaza kwamba unalala. Mfuatano sahihi ni `set_current_state(TASK_INTERRUPTIBLE)` kwanza, ndipo ukague `tayari`, ndipo `schedule`. Inayofuata ni kutumia `__set_current_state`, ile yenye vistari viwili mbele, ambayo haina kizuizi ndani yake. Ya tatu iko kwa mwamshaji: anaita `waitqueue_active` ili asipoteze muda kuamsha foleni tupu, bila `smp_mb` (kizuizi kamili) kati ya kuinua alama na kuiuliza foleni. Itumie `wq_has_sleeper`, ambayo kizuizi hicho kimo ndani yake.

Tiba ninayoipendekeza kuliko zote ni kuacha kuandika usingizi kwa mkono. Tumia `wait_event` na `wake_up`, na maelezo yako yatapungua kuwa sentensi moja: sharti ni lipi, na nani analibadilisha kabla ya kuamsha.

Dalili: KCSAN inalia kila dakika

KCSAN, zana ya kunasa migongano ya data, iliingia kwenye kerneli 5.8 mwaka 2020. Inakamata prosesa mbili zinazogusa kigeu kimoja kwa wakati mmoja, mmoja wao akiwa anaandika, na angalau upande mmoja ukiwa haujawekewa alama ya msimbo kama `READ_ONCE` au `WRITE_ONCE`. Kosa kubwa ninaloliona ni kuinyamazisha kwa kumwaga `READ_ONCE` kila mahali. Hapo umeificha dalili na ugonjwa umebaki.

Anza kwa kujiuliza kama hapo palitakiwa pawe na kufuli. Kama ndiyo, weka kufuli, na uweke `lockdep_assert_held`, inayokagua kwamba kufuli limeshikwa, kwenye kazi (function) inayolitegemea. Hayo ni maelezo yanayojikagua yenyewe kila yanapopitiwa. Kama mgongano ni wa makusudi, mfano takwimu za kuonyesha tu, tumia `data_race` na uandike kwa nini namba mbovu haimdhuru mtu. `access-marking.txt` ndani ya `tools/memory-model/Documentation` inaeleza uchaguzi huo. Kerneli yenye KCSAN ni nzito. Usiiache kwenye mashine inayofanya kazi mwaloni.

Dalili: kumbukumbu imeachiliwa, msomaji wa RCU bado anaishika

RCU ni njia ya kerneli ya kuwaacha wasomaji wasome bila kufuli huku mwandishi akibadilisha data. Hapa maelezo hukosea kwa sentensi moja: "rcu_read_lock inamzuia mwandishi". Haimzuii. Mwandishi anaendelea kama kawaida. Kinachosubiri ni uachiliaji wa kumbukumbu ya zamani. Kagua kwanza kama kitu kilitolewa kwenye orodha kabla ya `synchronize_rcu` au `call_rcu`, si baada yake. Pili, kama pointa inasomwa kwa `rcu_dereference` na kuwekwa kwa `rcu_assign_pointer`. Tatu, kama msomaji ametoka nje ya `rcu_read_unlock` na pointa mkononi. Kumbuka pia kwamba `synchronize_rcu` inawasubiri waliokwisha kuingia, haiwasubiri wanaoingia baadaye. Nyaraka zitaje watatu kwa majina ya kazi zao: nani anatoa, nani anasubiri, nani anaachilia.

Simama hapa, tafuta mtaalamu

Kama upande mmoja wa mazungumzo ni kifaa chenyewe, yaani kinasoma au kuandika kumbukumbu bila kupitia prosesa, achana na vizuizi vya `smp_`. Kwenye kerneli iliyojengwa kwa prosesa moja, hivyo hubaki kuwa kizuizi cha kompaila tu. Zipo `dma_wmb`, `dma_rmb`, na `readl` na `writel` zenye kanuni zao. Usikisie, mtafute anayeijua draiva ya aina hiyo.

Simama pia kama mfumo wa faili umeanza kuharibika. Zima mashine na nakili diski kabla ya jaribio jingine lolote. Simama kama maelezo yako yanategemea prosesa ya tatu ambayo haijashika kufuli kuona mpangilio wa mbili zilizolishika: kufungua na kufunga tena kufuli si kizuizi kamili, na matumizi ya `smp_mb__after_unlock_lock` yanataka jicho la pili. Na simama kama umebuni njia ya kuepuka kufuli ambayo huwezi kuiandikia jaribio la litmasi.

Kumpata wa kumuuliza, endesha `scripts/get_maintainer.pl -f` ukiipa faili husika. Kwa modeli yenyewe, faili ya `MAINTAINERS` ina sehemu yake chini ya LKMM, jina fupi la modeli hiyo. Tuma barua ya maandishi matupu, isiyo na rangi wala picha. Weka ndani yake jaribio la litmasi, jibu zima la herd, aina ya prosesa, toleo la kerneli, na ile mistari mitatu ya komenti yako. Ukikosa uhakika wa mojawapo, mfano hujui mwenza ni nani, andika hivyo hivyo kwenye barua, maana hilo ndilo swali watakalokujibu kwanza.